Bampa limekwaruzwa na reli kwenye barafu, nje ni nyuzi 14 chini ya sifuri. Nianze na nini?

MamaWawili_MN (Februari)

Wakuu, salaam. Naomba msaada, hasa kwa mlioko nchi za baridi na mafundi mlioko nyumbani.

Naishi Brooklyn Park, Minnesota. Nahudumia wazee zamu ya usiku upande wa Coon Rapids, kwa hiyo kila alfajiri narudi nyumbani kwa daraja la barabara ya 610 linalovuka mto Mississippi. Jumanne, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, baridi ilikuwa nyuzi 14 chini ya sifuri. Barabara ilionekana kavu, nyeusi, haina hata chembe ya theluji. Daraja nikalipita salama. Nikaingia njia ya kutokea kuelekea barabara ya 252, nikakanyaga breki taratibu, gari halikupunguza mwendo. Nimekata usukani kushoto, pua inaenda mbele tu. Pedali ya breki ikawa inatetema chini ya mguu, halafu nikasikia mkwaruzo mrefu, kama mtu anachana turubai karibu na sikio lako. Kona ya kulia ya bampa la mbele ililalia reli ya chuma ya pembeni, ikaburuzika nayo mpaka gari likazama kwenye tuta la theluji lililosukumwa na magreda.

Sikuumia, namshukuru Mungu. Askari wa doria alinikuta nimekaa ndani, mkanda nimefunga, taa za tahadhari zinawaka. Akasema nimefanya vizuri kutotoka, maana gari la pili huteleza palepale lilipoteleza la kwanza, na anayeumia ni yule aliyesimama nje anapiga picha.

Gari ni Corolla ya 2015, rangi ya fedha. Nimemaliza kulilipia Novemba, na ndilo linalonipeleka kazini na kuwapeleka watoto shule, kwa hiyo nimeumia moyo. Mkwaruzo una urefu wa sentimita 45 hivi, kutoka chini ya taa hadi ubavuni. Kuna sehemu zenye michirizi ya kijivu tu, kuna sehemu rangi imetoka na plastiki nyeusi inaonekana, na kuna mfereji mmoja ambao kucha inazama. Bampa halijapasuka, ila ukingo wake umeachana na madigadi, nafasi ya kupitisha kidole kidogo.

Gereji niliyokwenda wameniandikia dola 1,150: bampa jipya, rangi na ufundi. Bima yangu inataka nilipe mwenyewe dola 1,000 za kwanza. Maana yake nitawadai dola 150, na ajali iandikwe kwenye jina langu.

Mume wangu anasema wikiendi hii tununue makopo ya rangi, tuwashe hita ndani ya gereji ya nyumba, tupulize. Nimemwomba asubiri niulize hapa kwanza. Inawezekana kuifanya wenyewe? Tunaanzaje?

---

KijanaWaEldoret

Pole sana dada. Shukuru Mungu wewe ni mzima, hiyo ingine ni plastiki.

Mimi naendesha trela huku Midwest, hii ni winta yangu ya saba. Wacha nikueleze hilo eneo kwanza, kwa sababu utalipita tena kesho. Daraja hupigwa na upepo baridi juu na chini, halina udongo wa kulitunzia joto, kwa hivyo linaganda mapema kuliko barabara ya kawaida. Hiyo watu wengi wanajua. Wasichojua ni kwamba siku zenye baridi kali sana, barafu hutoka kwa magari yenyewe. Moshi wa gari una mvuke wa maji. Mahali magari yanapunguza mwendo na kusimama, kama njia za kutokea na kwenye taa, ule mvuke unaanguka kwa lami na kuganda, tabaka jembamba hata huioni. Barabara inakaa kavu. Na ile chumvi ya kawaida wanayomwaga huanza kuishiwa nguvu joto likishuka chini ya nyuzi 9 hasi hivi. Kwa nyuzi 14 hasi usiitegemee.

Ile pedali kutetema ni mfumo wa breki unafanya kazi yake, usiogope na usiachilie. Matairi gani umefunga?

---

MamaWawili_MN

Asante kaka. Ni yale ya misimu yote, yana miaka minne.

---

KijanaWaEldoret

Hapo ndipo nilikuwa naenda. Raba ya hayo matairi inaanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7, hata kabla theluji ianguke. Ya winta yana alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, raba yake hubaki laini. Ukipata pesa anza na hayo kabla ya rangi. Na upime upepo kila wiki: kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi zinazoshuka, tairi hupoteza kama psi 1.

---

FundiRangi_Gerezani

Dada yangu pole. Mimi ni fundi rangi, niko mtaa wa Gerezani hapa Dar, kazi hii nimeianza nikiwa kijana mdogo. Barafu siijui, lakini mabampa nimeyapiga mengi. Naomba unijibu mambo matatu kabla hujanunua hata msasa.

Kwanza, umesema bampa limeachana na madigadi. Fungua boneti, chukua tochi, angalia kwa ndani upande ule. Kuna chuma cha kukinga, mbele yake kuna sponji ngumu ya kufyonza mshtuko, kuna klipu za kushikilia bampa, na magari mengi yanawekwa tangi la maji ya kuoshea kioo kwenye kona. Niambie kipi kimevunjika.

Pili, bampa likisukumwa nyuma, ukingo wake huwa unakula ukingo wa madigadi. Pitisha kidole pale kwenye maungio, pole pole usijikate. Kuna chuma kimechubuka?

Tatu, baada ya ajali umeliosha?

Usipulize rangi yoyote kabla hujanijibu.

---

MamaWawili_MN

Fundi, nimetoka nje sasa hivi na tochi.

Klipu mbili za upande wa kulia zimekatika. Sponji ni nzima, tangi halivuji. Gari sijaliosha, lote ni jeupe kwa chumvi.

Na umesema kweli. Kwenye ukingo wa madigadi, pale inapokutana na bampa, kuna mchubuko wa urefu wa kama punje tatu za mchele zikipangwa mstari. Rangi imetoka hadi chuma kinang'aa. Nisingeuona kabisa, maana umejificha nyuma ya ukingo wa bampa.

---

FundiRangi_Gerezani

Sasa nisikilize vizuri, dada.

Bampa lako ni plastiki. Hata ukilikuta limechubuka sentimita 45 au mita nzima, plastiki haishiki kutu. Linaweza kukaa hivyo hadi joto lirudi na hakuna kitakachoharibika zaidi ya macho yako. Ila huo mchubuko wa punje tatu za mchele uko kwenye chuma, na wewe kila siku unapita kwenye maji ya chumvi. Kutu ikiingia pale itatambaa chini ya rangi nzima, na ukija kuiona kama vipele itakuwa imeshakula eneo la kiganja. Hiyo ndiyo kazi ya wiki hii. Kila mtu anaangalia bampa kwa sababu ndilo linaloonekana.

Gari lipate mahali pa joto, hata kwa kuazima, likae saa kadhaa mpaka chuma chenyewe kipoteze ubaridi. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kausha sawasawa, futa kwa spiriti. Sugua pale tu kwa kipande kidogo cha msasa namba 400, kisha praima (rangi ya msingi), rangi, klia (ile ya juu isiyo na rangi, inayong'arisha na kukinga). Tumia vile vichupa vyenye brashi kama ya rangi ya kucha, tone kwa tone, na kila tabaka likauke kabla ya lingine.

---

BintiWaUjiji_Edmonton

Dada, mimi niko Alberta na nimesoma hapo juu habari ya hita ndani ya gereji. Nawaomba msifanye.

Ile rangi ya kopo inasukumwa na gesi inayoshika moto, na thina iliyomo ndani inashika moto. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni. Gereji nyingi za huku zina tanuri la kupashia nyumba au mtungi wa kuchemshia maji wenye kimoto kidogo kinachowaka muda wote. Mkifunga mlango ili joto lisitoke, mvuke wote unabaki humo unatafuta ule moto. Na kama gereji imeungana na nyumba, harufu itaingia hadi chumba cha watoto. Afadhali mkwaruzo ukae miezi mitatu.

Halafu hata bila hatari hiyo, rangi yenyewe haitakubali. Makopo mengi yameandikwa yatumike joto likiwa kati ya nyuzi 10 na 32. Chini ya hapo kopo linakosa msukumo, rangi inatoka matone matone badala ya ukungu, na inachelewa kukauka mpaka inatiririka.

---

FundiRangi_Gerezani

Huyu dada amesema ukweli mtupu. Huku kwetu adui ni unyevu. Wakati wa masika thina ikiruka inapoza uso wa rangi, unyevu wa hewani unatua juu yake, unapata ukungu mweupe kwenye klia. Fundi anayejiheshimu anasubiri. Kwa hiyo na wewe subiri.

---

Mwana_wa_Bukavu

Ndugu zangu, mimi niko Iowa, na bampa langu lilipasuka kabisa miaka miwili iliyopita. Nilikwenda yadi wanakochinja magari mabovu, nikapata bampa la rangi ileile, nikalifunga mwenyewe. Dada, kama lako lingekuwa limepasuka au masikio ya kushikia klipu yamevunjika, ningekwambia ufanye hivyo. Ila angalieni: plastiki wakati wa baridi inakuwa ngumu kama biskuti. Mimi nililifungua langu nje mwezi wa kwanza nikavunja masikio mawili mazima kwa kuvuta tu. Lifungue likiwa na joto.

---

MamaWawili_MN

Nimewasikia wote, na mume wangu amesoma uzi huu mwenyewe. Hita tumeiacha.

Rafiki yangu wa kazini anakaa kwenye jengo lenye maegesho ya chini yenye joto. Jumamosi nililaza gari pale kwa muda wa saa tano. Nimeosha chumvi, nimekausha, nimefuta kwa spiriti. Nilipokisugua kile kimchubuko kwa msasa, kitambaa kilitoka na rangi ya chungwa hafifu, na mchubuko wenyewe ulikuwa na siku nne tu. Nimeweka praima, rangi tabaka mbili, klia mbili, nikisubiri katikati. Klipu mpya nimenunua kumi kwa dola 9, nimebadilisha mbili zilizokatika baada ya kuimwagia kona ile maji ya moto ya birika. Plastiki ililegea, nikaisukuma kwa kiganja, ikaingia na kulia "ta!" Nafasi ya kidole imekwisha.

Mkwaruzo uko vilevile. Nitarudi joto likirudi.

---

MamaWawili_MN (Mei)

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Jumamosi iliyopita ilikuwa nyuzi 21, kivuli, hakuna upepo. Tumefanya kazi siku mbili. Naandika kwa urefu kwa ajili ya yeyote atakayekuja kutafuta jambo hili kwa Kiswahili, maana mimi nilipotafuta sikupata.

Nilianza kwa kuosha kwa sabuni ya vyombo, kisha nikafuta kwa dawa ya kuondoa mafuta na nta. Baada ya hapo nikachukua kompaundi (krimu ya kusugulia na kung'arishia rangi) na kitambaa laini, nikasugua ile michirizi ya kijivu. Hapo nilishangaa. Karibu nusu ya mkwaruzo iliondoka. Ilikuwa ni uchafu wa reli uliojipaka juu ya rangi yangu, chini yake rangi ilikuwa nzima! Sasa fikiria ningeanza na msasa namba 180 kama video moja ilivyoelekeza. Ningeikwangua rangi nzima kwa kosa ambalo halikuwepo.

Kilichobaki nikakipima kwa kucha. Pale kucha ilipopita bila kukwama, nilisugua kwa msasa wa maji namba 2000, kisha 3000, kisha kompaundi, ikang'aa. Pale ilipokwama ndipo pa kupaka. Palikuwa padogo kuliko nilivyodhani, sentimita 20 kwa 6 hivi.

Tulilifungua bampa lote. Kwa ndani kuna maandishi yaliyochongwa yanayosema plastiki ni ya aina gani, langu lina herufi PP na nyingine zinafuata. Fundi aliniambia kwa sauti ya simu kwamba plastiki ya jamii hiyo ina ulaini kama wa mafuta na haipendi kushikwa na kitu, ndiyo maana kuna dawa maalumu ya kushikisha rangi kwenye plastiki. Ukiiruka hiyo, rangi inabanduka kama ngozi ya kitunguu ikipigwa na maji ya presha. Ni kopo dogo la dola 14 na ndilo watu wengi wanaliacha.

Kitu kingine ambacho sikukijua: ukisugua plastiki hiyo kwa msasa mkali inaota nywele. Kweli, vinyuzi vyeusi vimesimama kwenye kingo za ule mfereji, na ukiendelea kusugua vinazidi. Nilivikata kwa wembe nikiulaza chini kabisa, kisha nikaendelea kwa msasa namba 320, mkono mwepesi. Vikatulia.

Puti niliyotumia kujazia mfereji ni ya mabampa, ile inayokunjika ikikauka. Puti ya kawaida ya bodi inakakamaa, na bampa likiguswa kidogo tu inapasuka. Dawa ya kushikisha kwanza, ikauke, ndipo puti. Nilichanganya juu ya kipande cha boksi, nikapaka kwa kijiko cha plastiki, juu kidogo kuliko usawa. Baada ya dakika 30 nikasugua namba 180, nikamaliza na 320.

Hapa ndipo nilipotumia muda mrefu kuliko pote. Kwa macho kila kitu kilikuwa kimelingana. Fundi akaniambia nifumbe macho, niweke kitambaa chembamba kati ya kiganja na bampa, nipapase kwenda na kurudi. Nikakisikia kijituta, chembamba, kama mshono wa ndani wa shati. Nikasugua, nikapapasa, nikasugua tena. Halafu akaniambia nivushe juu yake ukungu hafifu wa rangi nyeusi, nisugue taratibu kwa ubao mdogo uliozungushiwa msasa. Palipo chini panabaki peusi, palipo juu panaisha mara moja. Nilirudia mara tatu mpaka weusi ukaisha kwa pamoja. Saa mbili nzima kwa eneo la kiganja, na ndizo saa zilizoamua kila kitu.

Praima tabaka tatu, nikasubiri, msasa wa maji namba 600.

Rangi. Namba ya rangi ya Corolla iko kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, yangu ni 1F7. Nilipuliza kwanza kwenye kadi nyeupe, nikaipeleka kwenye madigadi juani kuilinganisha. Tabaka la kwanza kwenye bampa nilikaa karibu mno na nikasita kwenye kona, rangi ikalia, ikatiririka matone mawili. Sikuigusa. Niliacha ikauke saa nzima, nikaiondoa kwa namba 800, nikaanza upya: sentimita 25 kutoka kwenye bampa, kuanza kubonyeza kabla ya kufika na kuachia baada ya kupita, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia.

Rangi ya fedha ina tabia yake. Ndani yake mna chembe ndogo za alumini, na zinavyolala ndivyo rangi inavyoonekana. Ukipuliza nzito, chembe zinazama na rangi inakuwa nyeusi ukiitazama kutoka ubavuni. Nilipomaliza tabaka tatu yangu ilikuwa hivyo, imekolea. Fundi akasema tabaka la mwisho nisogee mbali hadi sentimita 40, nivushe ukungu mwembamba tu, mkavu kidogo. Ikarudi kwenye rangi ya fedha ileile ya madigadi. Mume wangu alisimama hatua tatu nyuma, akaniuliza mkwaruzo ulikuwa upande gani.

Kuhusu klia nataka niseme wazi. Kuna ya kopo la kawaida, na kuna ile yenye kigumishi ndani yake, ambayo unabonya kitufe chini ya kopo kabla ya kutumia. Ya pili ni imara zaidi, petroli na mawe haviipati kirahisi. Lakini kigumishi chake ni cha jamii ya isosayaneti, kinaweza kumletea mtu pumu, na barakoa ya vumbi haikizuii hata kidogo. Mwanangu wa pili ana pumu. Nikachagua ya kawaida, nikapuliza uani mbali na madirisha, nikiwa na glavu na barakoa yenye vichujio vya mvuke, watoto wakiwa kwa jirani. Kama itachakaa baada ya miaka michache nitairudia.

Tulisubiri siku mbili, tukasugua mpaka wa klia mpya na ya zamani kwa 2000 na 3000, kompaundi, tukafunga. Nta nitaipaka baada ya mwezi, rangi ipumue kwanza.

Vyote nilivyonunua, barakoa ikiwemo, vimefika dola 138. Ukichuchumaa upande wa kulia jua likiwa chini, kuna kivuli kidogo pale puti inapoishia. Nakijua mimi na sasa mnakijua nyie.

---

FundiRangi_Gerezani

Dada, picha nimeziona. Niko na vijana wangu hapa nimewaonyesha simu. Nimewaambia tazameni mtu aliyesugua saa mbili eneo la kiganja, nyie namwambia mtu arudie mara ya pili ananuna. Hongera sana. Mikono yako ina subira.

---

Mzee_wa_Tanga_Oslo

Nimeufuatilia uzi tangu Februari. Fundi, nami naomba msaada. Yangu ni RAV4 nyeupe ile ya lulu, bampa la nyuma, kona ya kushoto, mkwaruzo kama wa huyu mwanangu. Lina vile vitaa vya kwenye vioo vya pembeni vinavyowaka gari likiwa ubavuni. Nifuate hatua hizihizi?

---

FundiRangi_Gerezani

Shikamoo mzee wangu. Hapana, kwako nashauri usifuate, kwa sababu mbili.

Hiyo nyeupe ya lulu hupigwa hatua tatu: msingi mweupe, kisha lulu, kisha klia. Idadi ya tabaka za lulu ndiyo inayoamua rangi, ukizidisha moja tu inageuka. Hata sisi tunapiga kadi kadhaa za majaribio kabla ya kugusa gari. Kwa kopo, mtu wa kwanza, utapata kiraka.

Ya pili ndiyo kubwa. Hivyo vitaa vinaongozwa na rada, na kwa kawaida rada hizo zimefichwa nyuma ya kona za bampa la nyuma, palepale palipokwaruzika. Zinaona kupitia plastiki. Ukiweka puti mbele yake, au tabaka nene za rangi, unaiziba macho, na inaweza isikuambie kuna gari wakati lipo. Watengenezaji wengi wanakataza puti eneo hilo kabisa. Nenda kwa watu wenye vipimo, waangalie na rada yenyewe kama imesogea kwenye kishikio chake. Kama ni mchirizi wa juu tu, kompaundi ruksa, hiyo haiongezi unene.

---

Mzee_wa_Tanga_Oslo

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa, na umeniokoa.

---

KijanaWaEldoret

Dada, na yale matairi?

---

MamaWawili_MN (Novemba)

Kaka, samahani nimechelewa kukujibu. Zile dola 1,000 na kitu ambazo sikuzilipa gereji nilizigawa: 620 zimenunua matairi manne yenye alama ya mlima, tumeyafunga jana. Asubuhi hii theluji ya kwanza imeanguka. Nimevuka daraja la 610 nikishuka mwendo kabla sijaingia njia ya kutokea, nikagusa breki kidogo kupima, gari likatii.

Nilipofika nyumbani nikapitisha kidole kwenye ukingo wa madigadi, palepale. Pako laini, hakuna kipele. Bampa nalo lina alama mpya ndogo ya jiwe upande wa kushoto, sijaigusa, nimeiachia Mei.